Mtoto Akichelewa, Pimweni Wawili

Mimi ni fundi wa nguo, na kibanda changu kiko karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu. Mteja mpya nikianza kumpima kifua na kiuno, swali halikawii: "Kwani wewe ni mama nani?" Huku kwetu mwanamke akishaolewa, jina lake la ubatizo huwekwa kando akaitwa kwa mtoto wake. Kwa miaka saba nilijibu, "Niite fundi tu." Wenye busara walinyamaza. Wengine walinisogelea sikioni wakanishauri: mama fulani wa mitishamba kule Ahero, maombi ya usiku, vidonge vya kemisti, majani ya kuchemsha na kunywa kabla jua halijachomoza. Nilifanya yote hayo, na niliyafanya peke yangu.

Leo nina msichana wa miaka minne, na sasa ni mimi ninayesogelewa sikioni. Haipiti wiki kabla mwanamke hajaniuliza kwa sauti ya chini, akijifanya anachagua vifungo, "Dada, ulifanyaje?" Haya ndiyo ninayowaambia. Mimi si daktari. Nilifundishwa na madaktari na wauguzi walionihudumia, na mengine niliyaona kwa mwili wangu. Ukisahau mengine yote, shika hili: nendeni wawili, na mume apimwe mapema, kabla hamjatoa shilingi nyingine kwa ajili ya mke. Fundi hakati kitambaa kabla ya kupima. Mimi nilikatwa miaka minne, na nusu ya pili ya ndoa yangu, yaani mume, haijapimwa na mtu.

Hesabuni miezi

Madaktari husema kuna tatizo mwaka mzima ukipita mkikutana mara kwa mara bila kinga. Kati ya wanandoa 100 wanaojaribu, zaidi ya 80 hupata mimba ndani ya mwaka huo. Basi kama mlifunga ndoa Desemba na sasa ni Aprili, tulieni, na mama mkwe akiuliza mwambieni mnaendelea vizuri.

Lakini mwanamke aliyefikisha miaka 35 asingoje mwaka. Miezi sita inamtosha, na aliyefikisha 40 aende moja kwa moja. Asingoje pia yule ambaye hedhi yake hupotea miezi miwili mitatu, anayelazwa kitandani na maumivu kila mwezi, aliyewahi kupata maambukizi makali ya nyonga, mimba ya nje ya kizazi au upasuaji wa tumbo. Upande wa mume, asisubiri aliyefanyiwa upasuaji wa korodani, au aliyeugua matubwitubwi akiwa ameshabalehe na korodani zikavimba.

Huulizwa sana kuhusu sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu. Haifungi kizazi. Ila inachelewa kutoka mwilini: tangu sindano ya mwisho, wengi huchukua karibu miezi 10 kabla ya kushika mimba, na wengine hupitisha mwaka. Vidonge, kitanzi na vijiti vya mkononi havina ucheleweshaji huo.

Na msidhani mko peke yenu. Muuguzi mmoja aliniambia kwamba Shirika la Afya Duniani, katika ripoti ya mwaka 2023, lilikadiria mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo hili wakati fulani maishani. Siku hiyo nikirudi nyumbani kwa matatu ya abiria 14 nilihesabu vichwa. Wawili kati yetu, na mimi mmoja wao. Nilimtazama kila mama mle ndani nikijiuliza mwenzangu ni nani.

Daftari

Nina daftari la vipimo vya wateja. Kurasa za nyuma nilizigeuza kuwa za kwangu. Siku ya kwanza damu inapotoka ndiyo namba moja, na unahesabu mpaka siku moja kabla ya damu nyingine. Fanya hivyo miezi mitatu au minne utaujua mzunguko wako. Wa kwangu ulikuwa siku 31, mara chache 30.

Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Hapo ndipo wengi hukosea, wanahesabu 14 kutoka mwanzo hata kama mzunguko wao si wa siku 28. Mimi wa siku 31 nilitoa 14 nikabaki na 17. Mwenye siku 26 yai lake hutoka karibu siku ya 12. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za mume zinaweza kuishi mwilini mwa mke hadi siku tano zikilingoja. Kwa hiyo siku zenye nafasi ni kama sita: tano za kabla, na siku yenyewe. Kwangu ilikuwa kuanzia siku ya 12 hadi ya 17.

Mwili nao hutoa ishara. Siku hizo ute wa ukeni huwa mwingi, mwangavu, wa kuvutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi la kuku. Ukiuona huo, ndizo siku zenyewe. Siku nyingine huwa mzito au haupo kabisa. Kemisti huuza pia vijiti vya kupima mkojo, ambavyo huonyesha homoni inayopanda siku moja au moja na nusu kabla ya yai kutoka. Vinasaidia, lakini mwenye hedhi isiyoeleweka vinaweza kumdanganya.

Sasa niwaonyeshe daftari lilinifunulia nini. Mume wangu huendesha lori la mizigo, Kisumu kwenda Malaba hadi Kampala. Nilizungushia duara siku zangu sita za kila mwezi, kisha nikaweka alama siku alizolala nyumbani. Katika miezi sita, minne ile miduara ilikuwa mitupu. Alikuwa mpakani, kwenye foleni ya malori. Mwaka mzima nilikuwa nikilia kila damu ikija, na miezi mingi hakuna kizazi kilichokataa kitu. Tulikuwa hatujakutana tu. Alimwomba bosi wake abadilishane zamu na dereva mwenzake, si kila mwezi, ila inapowezekana. Hata akirudi siku ya 13 au 14 akaondoka tena, inatosha.

Kwa wanaolala pamoja kila siku, msigeuze ndoa kuwa ratiba ya dawa. Kukutana kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima kunatosha, yai halitawapita. Mke asijisafishe ndani kwa sabuni, ndimu wala maji ya chumvi. Mate na jeli nyingi za kulainisha huzuia mbegu kuogelea, kwa hiyo ziacheni siku hizo.

Shemeji, hii ni yako

Nakuita shemeji kwa heshima, wewe mume unayesoma haya kwenye simu ya mkeo. Karibu nusu ya visa vya kukosa mtoto vina mchango wa mwanamume, yeye peke yake au pamoja na mke. Na kipimo cha mume ni rahisi kuliko vyote: hakuna kisu, hakuna sindano, na sikukilipia hata bei ya kumshonea mtu gauni moja la harusi.

Mume wangu alikataa mwaka mzima. "Mimi nina nguvu," alisema, na kweli anazo. Lakini nguvu za kitandani na wingi wa mbegu ni vitu viwili. Mwanamume anaweza kuwa imara kabisa, maji yake yakaonekana sawasawa kwa macho, na ndani yake kusiwe na mbegu hata moja. Ni darubini tu inayoona.

Hakukubali kwa sababu ya ugomvi. Nilishajaribu kugombana. Nilimwambia Jumapili moja tukiwa Dunga, ufukweni, tumekaa na sahani moja ya samaki katikati. "Jaduong', nimechoka kwenda peke yangu. Sikulaumu. Nataka tujue." Alikula kimya mpaka ukabaki mgongo na kichwa. Kisha akasema, "Nyar Kakamega, weka siku." Kwa hiyo mwenzangu, chagua siku tulivu, mahali ambapo mama yake hasikii, na useme "tujue", usiseme "ukapimwe".

Utaratibu ni huu. Akae siku mbili hadi saba bila kutoa mbegu, si chini, si zaidi. Akojoe kwanza, anawe mikono. Atoe kwa mkono wake, bila sabuni, bila mafuta, bila kondomu ya kawaida, maana hivyo huua au hudhoofisha mbegu. Yote yaingie kwenye kichupa cha maabara, hasa yale ya kwanza kutoka, kwa sababu hayo ndiyo yenye mbegu nyingi zaidi. Yakimwagika kidogo, waambie, wasije wakapima robo wakaandika ni yote. Kichupa kifike ndani ya saa moja, kikiwa na joto la mwili.

Maabara tuliyokwenda ilimpa choo cha wagonjwa wote chenye mlango usiofunga. Alitoka humo na kichupa kitupu, uso umemshuka. Tukakichukua tukarudi nyumbani Nyalenda. Kesho yake asubuhi niliandika saa kwenye plasta nikaibandika kichupani: saa mbili na dakika kumi. Alikitia kwapani ndani ya shati, akavaa jaketi juu, tukapanda boda. Mtu mzima anayepeleka lori la tani 28 hadi Uganda alikuwa amebana mkono ubavuni kama mtoto aliyeumizwa na sindano, na hakunisemesha njia nzima. Tulifika saa mbili na dakika thelathini na tano. Mpokezi aliita kwa sauti, "Nani ameleta sampuli ya shahawa?" Mimi ndiye niliyeinuka. Nawaomba wahudumu wa maabara, kama mmoja wenu anasoma hapa: mpeni mwanamume chumba chenye komeo, na muite jina lake tu.

Karatasi ya majibu ina namba nyingi. Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani, toleo la mwaka 2021, ni hivi: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, zinazotembea asilimia 42, zinazoogelea kwenda mbele asilimia 30, na zenye umbo zuri asilimia 4. Hiyo 4 huwatisha watu bure. Mwanamume wa kawaida ana mbegu nyingi zenye umbo baya. Aliye chini ya viwango hivi bado anaweza kuzaa, ila huchukua muda zaidi. Mume wangu alikuwa na milioni 9, na zinazokwenda mbele asilimia 18.

Jibu moja si hukumu. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, hivyo unachokiona leo ni habari ya zamani. Malaria iliyokupiga na homa kali mwezi uliopita inaweza kuziangusha kwa wiki kadhaa, na huku ziwani nani hajapigwa na malaria? Ndiyo maana daktari huagiza kurudia baada ya miezi mitatu. Katika miezi hiyo mume wangu aliacha sigara, akaacha chupa za Jumamosi, akaanza kushuka garini kila baada ya saa mbili kunyoosha miguu, maana korodani zinataka ubaridi na kiti cha lori juu ya injini ni jiko. Suruali za kubana nilizishona upya zikawa pana, kazi hiyo niliifanya kwa furaha. Kipimo cha pili kilionyesha milioni 19.

Ndugu zetu wa jimu nao wasikie: sindano za testosteroni za kujaza misuli husimamisha utengenezaji wa mbegu. Mwili ukiona homoni inaingizwa kutoka nje, unafunga kiwanda. Wengi mbegu zao hurudi baada ya kuacha, lakini huchukua miezi mingi.

Na kama jibu ni sifuri, usiivue pete. Wakati mwingine mbegu zinatengenezwa ila njia imeziba, na hizo zinaweza kutolewa kwa upasuaji mdogo. Wakati mwingine ni homoni, wakati mwingine ni mishipa ya korodani iliyovimba, ambayo baadhi hurekebishwa. Daktari bingwa wa njia ya mkojo na uzazi wa wanaume ndiye wa kumwona.

Vipimo vya mke

Kwa hapa Kisumu, anzeni kliniki ya magonjwa ya wanawake kwenye hospitali ya umma. Sisi tuliishia Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee bado huiita Russia kwa kuwa Warusi ndio walioijenga. Bebeni daftari la hedhi, karatasi zote za zamani, na majina ya dawa zote mlizokunywa, hata za miti. Daktari hatawacheka. Na mwulize mapema bima yenu ya afya ya serikali, SHA, inalipa nini na hailipi nini, msije mkajua kwenye dirisha la malipo.

Mambo yanayotafutwa ni matatu. Kwanza, je, yai linatoka? Hupimwa damu ya projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, kama siku saba kabla ya hedhi. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 ni siku ya 21, lakini mimi wa 31 nilipimwa siku ya 24. Mwenye hedhi inayoruka hupimwa pia homoni za tezi ya shingo, prolaktini na nyinginezo. Pili, kizazi kikoje? Skani huonyesha fibroidi, uvimbe na jinsi ovari zilivyo. Tatu, mirija inayopitisha yai hadi kwenye kizazi iko wazi?

Hiyo ya tatu ndiyo nataka kukaa nayo, kwa sababu huku kwetu Afrika mirija iliyoziba ni chanzo kikubwa. Klamidia na kisonono huingia bila dalili, hasa kwa mwanamke, na kuacha makovu. Maambukizi baada ya kujifungua au mimba kutoka hufanya hivyo hivyo, na kifua kikuu nacho huweza kufika kwenye mirija. Mkikutwa na maambukizi, mnameza dawa wote wawili kwa wakati mmoja, la sivyo mmoja anamrudishia mwenzake.

Kipimo cha mirija kinaitwa HSG. Hufanywa damu ikishakauka na kabla yai halijatoka, mara nyingi kati ya siku ya 6 na ya 11. Niliambiwa nimeze dawa ya maumivu saa moja kabla na nibebe pedi. Unalala chali kwenye meza ya eksirei, mrija mwembamba unaingizwa kwenye mlango wa kizazi, kisha dawa inasukumwa taratibu. Maumivu yalikuja kama ya siku ya kwanza ya hedhi, yakakaza, kisha yakaachia. Yote yalikwisha kwa dakika chache. Mpigapicha alinigeuzia kioo. Upande wa kushoto dawa ilipita ikatoka mwisho wa mrija kama uzi uliofunguka. Upande wa kulia ilikoma palepale mlangoni. Niliuangalia huo upande mmoja uliofunguka nikamuuliza, "Mmoja unatosha?" Akasema, "Mama, mmoja unatosha." Ni mara ya kwanza mtu wa hospitali kuniita mama.

Waliyonifanyia kabla ya hapo

Miaka yangu ya kwanza ya kutafuta nilikwenda kliniki moja ndogo, siitaji. Wakaniambia kizazi ni kichafu, kinahitaji kusafishwa. Sikupigwa skani, sikuulizwa hedhi, na mume hakuulizwa. Nilisafishwa mara mbili, nikalipa mara mbili. Daktari wa Russia aliposikia aliweka kalamu chini. Kizazi hakioshwi ili mtu ashike mimba, aliniambia, kinajisafisha chenyewe kila mwezi. Kukwangua ndani bila sababu kunaweza kuacha makovu yanayogandisha kuta za kizazi, na vifaa visivyo safi hupeleka maambukizi hadi kwenye mirija. Hakuna anayeweza kunihakikishia kwamba mrija wangu wa kulia uliziba kwa sababu hiyo. Lakini nikisikia mtu anaambiwa akasafishwe, namshika mkono.

Kuna pia kusuguliwa tumbo ili "kizazi kirudi mahali pake", na chai za "kusawazisha homoni" zinazouzwa kwenye Facebook. Na kuna vidonge vya kukomaza yai ambavyo kemisti wengine huuza bila cheti. Hivi ni dawa kweli, na ndiyo maana vinahitaji daktari. Klomifeni au letrozoli hunywewa siku chache mwanzoni mwa mzunguko, kwa dozi iliyopimwa, na skani hufuata kuona mayai mangapi yamekomaa, kwa sababu yanaweza kukomaa kadhaa kwa pamoja. Mwenye mirija iliyoziba yote miwili, au ambaye mumewe hana mbegu, atavinywa mwaka mzima bure. Mimi nilivinywa miezi mitano bila mume kupimwa.

Tiba zenyewe

Tiba hutegemea kilichopatikana, kwa hiyo usichukue ya jirani. Mteja wangu mmoja hedhi yake ilikuwa inakuja mara nne kwa mwaka, na ndevu chache kidevuni alizokuwa anazinyoa kwa siri. Alikuwa na ile hali ya ovari yenye vifuko vingi ambayo madaktari huiita PCOS. Alipunguza uzito kidogo. Hata asilimia 5 hadi 10 ya kilo zako inaweza kurudisha yai. Kisha akapewa letrozoli, ambayo kwa hali hiyo ndiyo dawa ya kwanza siku hizi. Sasa nampima nguo za mama mjamzito.

Kwa mbegu chache kidogo au ambapo sababu haionekani, zinaweza kusafishwa maabara na kuwekwa moja kwa moja ndani ya kizazi siku ya yai. Kwa mirija iliyoziba yote au mbegu chache mno, hubaki kuunganisha yai na mbegu nje ya mwili. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978, na Kenya ilipata wa kwanza mwaka 2006, Nairobi. Ni gharama kubwa na huenda mkarudia zaidi ya mara moja, kwa hiyo kabla ya kuuza shamba, kaeni muulize mambo mawili: nafasi yetu ni ngapi kwa umri wa mke, na bei hii ina dawa ndani au dawa ni kando?

Mengine mawili ni ya huku kwetu. Mmoja wenu akiwa na virusi vya Ukimwi, msiwafiche wahudumu wa CCC, kliniki ya wanaoishi na virusi. Waambieni mnataka mtoto. Anayemeza ARV vizuri hadi virusi visionekane kwenye damu hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, na yule mwingine anaweza kumeza dawa za kinga wakati mnajaribu. Na kwa kuwa ukanda huu wa ziwa una wengi wanaobeba ugonjwa wa damu wa kurithi, selimundu, bila kujua, pimweni wote. Mkiwa wabebaji wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa, na ni afadhali mjue mapema. Mke aanze kumeza foliki mikrogramu 400 kwa siku, kabla hata mimba haijaingia.

Nyumbani

Mjomba wa mume wangu alileta shauri la mke wa pili, akalileta mbele yangu, kwenye kiti changu cha sebuleni. Wakati huo karatasi ya milioni 9 ilikuwa ndani ya kabati. Mume wangu alisema, "Mjomba, tatizo tunalo wote wawili, na tunatibiwa." Hakusema zaidi. Nafikiria huyo msichana ambaye angeletwa, naye angeulizwa baada ya mwaka yeye ni mama nani. Kubalianeni sentensi moja mtakayowajibu watu, iseme "sisi", na kila mmoja aitumie kwa ndugu zake mwenyewe.

Wekeni pia kikomo cha fedha na cha muda, mkiandike. Na kuna miezi ya kupumzika. Sisi tuliweka daftari kando Desemba nzima, tukaenda kwetu Kakamega, na tukakumbuka kwamba tulioana kwa sababu tulipendana. Ukiona hulali, huli, au unakwepa kanisa kwa sababu ya ubatizo wa watoto, mwambie muuguzi wako. Huo nao ni ugonjwa, una msaada.

Damu isipokuja

Ilikuwa miezi minane baada ya kile kipimo cha pili. Siku ya 31 ikapita, ya 33, ya 36. Subirini angalau hedhi ichelewe ndipo mpime, kwa mkojo wa asubuhi. Kisha nenda kliniki mapema, na kama mrija wako uliwahi kuwa na kovu, waambie siku hiyo hiyo, wapige skani kati ya wiki ya sita na ya saba kuona mimba imekaa wapi. Mimba ya nje ya kizazi inaweza kuua. Ukipata maumivu ya upande mmoja wa tumbo, damu kidogo ya rangi ya kahawia, kizunguzungu, au maumivu kwenye ncha ya bega, usilale ukingoje kupambazuke. Mimi niliyapata maumivu hayo wiki ya sita, saa tano usiku, mume akiwa Malaba. Jirani alinipeleka kwa tuktuk hadi Russia. Skani ilionyesha kijifuko ndani ya kizazi, upande wa kushoto, na katikati yake kitu kikipepesa.